Mota ya Kumshusha Mama

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimenifika kwa mkono wa Redio, dereva wenu wa kiwandani. Nimeambiwa alilisimamisha lori lenu katikati ya barabara, akamkabidhi fundi cherehani wa hapa chini bahasha, na nyuma yake magari yakawa yanapiga honi kama arusi. Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Mjukuu wangu ameshaacha kung'ata watu? Mimi mzima kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kuitwa mzima. Masikio ndiyo yaliyonitupa kabisa. Simu nikiiweka sikioni nasikia kama mtu anakaanga vitu upande wa pili, basi tuendelee na kalamu.

Nimelisoma wazo lako mara kadhaa. Unataka kunifungia kiti cha umeme kwenye ule uwazi wa katikati ya ngazi: jukwaa dogo, waya wa chuma, ngoma ya kuzungushia waya, na mota juu darini. Nimefurahi, nisikudanganye. Tangu miguu iliponigomea mwaka jana sijaigusa barabara. Muuguzi anakuja kunigeuza na kunipima, halafu anashuka, na mimi nahisi viatu vyake vikigonga ngazi mpaka chini. Dirisha langu linatazama ukuta wa nyumba ya jirani. Nimeusoma ule ukuta mpaka nimeumaliza.

Lakini usikimbilie mota. Unakumbuka nilivyokuwa nawaambia wanafunzi wangu pale chuoni: usiniletee jina la mota kabla hujaniambia itabeba nini, kwa kasi gani, na itaanza na kusimama mara ngapi. Basi nakupa mzigo. Mimi nina kilo arobaini na nane, muuguzi ni shahidi. Ukijumlisha kiti na jukwaa tuseme kilo tisini. Kasi iwe ya mtu anayetembea akiwa na mawazo. Kazi ya siku, kushuka mara moja na kupanda mara moja.

Chagua, nami nitasahihisha.

Mama yako


14 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini kifua kimepoa na unakula vizuri. Sisi hatujambo. Mjukuu wako bado anang'ata. Jana kamng'ata daktari wa meno, na yule bwana kasema hakuwahi kuona meno mazuri kwa karibu namna ile.

Nimekaa na kalamu kama mtoto wa shule. Mota yenye nguvu ya nusu farasi, ya kawaida kabisa, ya aina inayozungusha mikanda hapa kiwandani. Inakwenda mizunguko elfu moja na mia nne kwa dakika, kwa hiyo nimeweka giaboksi ya kuipunguza mara themanini, na ngoma yenyewe upana wake ni kama kopo kubwa la maziwa. Hapo jukwaa linapanda polepole, na nguvu inayobaki ni karibu mara mbili ya inayohitajika. Nyuma ya mota kuna breki ya springi. Umeme ukiwepo inaachia, ukikatika inauma yenyewe, kwa hiyo hata ukiwa katikati ya ngazi huanguki.

Nimeshaipata, imo ndani ya boksi lake. Ukisema ndiyo nafunga mwezi huu huu.

Nangoja wino mwekundu.

Mwanao


21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za meno. Mimi nipo, kifua kinakwenda na kurudi.

Hesabu yako ni safi, lakini umehesabu umeme wa vitabuni. Umeme wa mtaa huu jioni, kila nyumba inapowasha taa na pasi, unashuka. Taa yangu inakuwa na rangi ya chai. Na umeme ukipungua sehemu moja ya kumi, nguvu ya mota ya kuzungusha inapungua karibu sehemu mbili. Saa hiyo mimi nimekaa kwenye jukwaa, mota inaunguruma haizunguki, inapata moto. Nusu farasi haitoshi. Tafuta farasi mzima.

Usivunjike moyo. Hata fundi cherehani hapa chini kachagua vibaya. Cherehani yake kaifunga mota isiyopumzika, inaunguruma mchana kutwa hata akiwa anakunywa chai, na mtetemo wake unapita sakafuni mpaka kwenye miguu ya kitanda changu. Naujua ulaji wake wa mchana kwa sababu ndio muda pekee ninaosikia kimya.

Mama yako


9 Aprili

Shikamoo Mama,

Nisamehe kuchelewa. Unaendeleaje? Muuguzi bado anakugombeza kuhusu chumvi?

Hapa mtambo wa kujazia chupa ulitusumbua. Meneja alisimama nyuma yangu siku nzima akiniuliza, "Bado tu?" Nikamwambia, "Bosi, ukiendelea kunipumulia shingoni nitakufunga wewe badala ya mkanda." Watu walicheka, yeye hakucheka. Basi nimelala kiwandani, kwenye kile chumba cha vipuri kisicho na dirisha, ambacho sasa wenzangu wanakiita nyumbani kwangu.

Mota ya farasi mmoja nimeipata. Giaboksi ile ile, breki kubwa zaidi. Umeme hata ukawe na rangi ya chai ya maziwa, itakupandisha wewe, muuguzi na chumvi yake.

Mama, jibu upesi ikiwezekana. Nina haraka kidogo, nitakueleza baadaye.

Mwanao


15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimejibu siku ile ile niliyopata barua, kama ulivyoomba. Mkeo na mtoto wasalimie.

Mota ya farasi mmoja inatosha. Sasa tazama breki. Umeiweka nyuma ya mota. Kati ya mota na ngoma kuna giaboksi, kuna shafti, kuna kiungio. Shafti ikivunjika, breki yako itaishika mota vizuri sana, imara kabisa, wakati mimi nakwenda zangu chini. Breki inatakiwa ishike ngoma yenyewe, mahali waya ulipo. Nilifelisha wanafunzi kwa kosa hilo.

Tafuta breki ya pili. Nachagua usalama, si kwamba nakusumbua.

Mama yako


2 Mei

Shikamoo Mama,

Unaendeleaje na mvua hizi? Fundi cherehani kaniambia kwa simu kwamba kifua kimekubana wiki nzima, na wewe hukuniandikia hata mstari. Ningependa kuyasikia hayo kutoka kwako.

Breki ya ngoma nimeichonga mwenyewe. Halafu nimepata kitu kizuri zaidi. Kiwanda kimeng'oa mota mbili za servo kutoka mtambo wa zamani, moja bado nzima. Unaijua kuliko mimi: nyuma ina kijicho kinachohesabu mizunguko, inajua muda wote imefika wapi, inaanza taratibu na kusimama taratibu. Hutasikia hata mtikiso. Ukikataa hii, Mama, basi nitakuletea lifti ya hoteli.

Jambo jingine. Fundi cherehani kasema yeye na wenzake watatu wako tayari kukubeba na kiti chako wakati wowote, na stoo yake ya nyuma wanaweza kuisafisha ukalala humo. Kasema ulimfukuza.

Mwanao


7 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kifua ni changu, na nilikuwa nakingojea kitulie ndipo nikuandikie.

Ni kweli nilimfukuza. Nimesimama mbele ya darasa miaka yangu yote. Sitashushwa kwa mabega ya watu kama kabati, mtaa mzima ukiangalia nguo zangu za ndani. Nitashuka nimekaa wima, kwa mashine, au sitashuka.

Servo hapana. Ni mota ya kuweka kifuniko juu ya chupa bila kukosea, hii kazi si yake. Inataka kiendeshi chake cha umeme, inataka nyaya safi, na ngazi hizi zina vumbi la miaka. Kijicho kikiingiwa na vumbi kitahesabu uongo. Na ukishaondoka, nani mtaa huu atakayejua kuitengeneza? Mchomeleaji wa mageti?

Rudi kwenye mota ya kawaida, lakini angalia beringi zake. Nataka kujua zimebeba mzigo wa pembeni kiasi gani.

Mama yako


11 Mei

Shikamoo Mama,

Ukishaondoka?

Sijakuandikia popote kwamba naondoka. Nani kakuambia?

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ingawa barua yako haikuwa na nafasi ya kuulizana hali. Mimi sijambo kwa maana ya kwamba bado naandika. Naandika sentensi moja, nalala, naandika nyingine, kwa hiyo ukiona mwandiko unabadilika usidhani nimesaidiwa.

Redio ndiye aliyeniambia. Usimkasirikie, yule hawezi kunyamaza hata akiwa usingizini. Ilikuwa ile siku aliyoleta barua yako ya kwanza ya mota. Alipanda mwenyewe mpaka huku juu, akaniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa kwa sababu ya masikio yangu: FUNDI WETU ANATUACHA, KAPATA KAZI NG'AMBO, KIWANDA KINACHOUNDA MITAMBO. ANASEMA ANAKUSHUSHA WEWE KWANZA NDIO AENDE. Kisha akacheka, akadhani ananipa habari njema. Na zilikuwa njema.

Sasa nisome vizuri. Daktari alikuja wiki iliyopita na kuniambia moyo wangu umechoka kusukuma, na kwamba kama nina la kusema nisiliweke akiba. Ninalo.

Mota yako ya kwanza ilikuwa sahihi. Nusu farasi, giaboksi ya themanini, breki ya springi. Nilihesabu nikiwa kitandani kabla hata Redio hajafika chini. Umeme wa jioni? Wewe uliacha nguvu karibu mara mbili, umeme ungeweza kushuka robo nzima na bado ningepanda. Tena nani kasema nitapanda jioni? Breki ya ngoma ni jambo zuri, lakini kwa bibi kizee wa kilo arobaini na nane anayeshuka mara moja kwa siku, giaboksi ile ingedumu kuliko mimi mara nyingi. Na hayo ya beringi sikuyajali hata kidogo. Niliyaandika kwa sababu nilikuwa nimeishiwa.

Ulisema utanishusha ndipo uende. Basi nikaona kwamba nisiposhuka, hutakwenda. Sikukaa kupanga, nakuapia. Niliandika ile ya kwanza kuhusu umeme, ukajibu. Miaka yote hii ulikuwa unaniletea ujumbe wa mstari mmoja kwenye simu, "Mama upo?" Nami najibu nipo. Sasa nikawa napata kurasa mbili, zenye michoro na utani. Nikaandika ya breki. Kila nilipokuwa nakataa nilijua nakuzibia njia, na nilikuwa naifunga bahasha nikiwa nimefurahi. Hilo ndilo ninaloliungama. Kwamba nilifurahi.

Najua walikupa muda mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Redio tena. Mwezi umekwisha. Kama nafasi imepotea, mimi ndiye niliyeipoteza, na sina muda wa kuirudisha. Kama haijapotea, nenda. Iache mota kwenye boksi lake.

Mama yako


9 Juni

Shikamoo Mama,

Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha vipuri, mlango nimeufunga. Meneja kagonga mara mbili, nimemwambia napima kitu. Vipi hali yako leo? Niandikie ukweli, hata kama ni neno moja.

Nafasi haijapotea. Niliwaomba waongeze mwezi mmoja, wakakubali.

Mama, nilijua.

Nilijua tangu ile barua ya umeme wa jioni. Nilirudia hesabu, nikapunguza umeme mpaka kiwango ambacho balbu haitoi mwanga wa kusomea, na mota bado ilikupandisha. Ile ya farasi mmoja sikuitafuta, niliitoa rafu ya juu, nikaiweka chini ya meza pembeni ya ile ya kwanza. Breki niliichonga polepole. Servo nilikuletea nikijua utaikataa. Kila nilipopata jibu lako niliwaandikia wale wa ng'ambo, "Mama bado hajakubali, nivumilieni," na nikalala vizuri usiku huo.

Unajua kazi yangu hapa ni nini? Mota ikiungua nasoma kibati chake chenye maelezo ya nguvu na kasi, natafuta nyingine yenye kibati hicho hicho, nafunga. Miaka yote nimebadilisha, sijachagua hata moja. Kule wanaunda mitambo ambayo haijawahi kuwepo. Mtu anaweka karatasi tupu mezani anasema: kitu hiki kizunguke, chagua. Hakuna kibati cha kunakili. Mota yako ndiyo ya kwanza maishani mwangu niliyochagua kuanzia mwanzo. Na wewe ukaikataa. Nusu yangu ikasema Mama anataka nibaki, nusu nyingine ikasema ameona kwamba sijui. Nikaisikiliza hii ya pili, kwa sababu ndiyo iliyonifaa.

Mke wangu ameshafunga masanduku. Mimi kila jioni nafungua moja kutafuta soksi.

Nimeamua hivi. Nitakuja mwenyewe Jumamosi ya wiki ijayo nifunge ile mota ya kwanza. Mbao na waya vinahitaji muda, tuseme wiki tatu. Nitawaomba wale watu wanisogezee tena kidogo. Siwezi kukuacha juu huko, Mama. Na usiniambie niende. Wewe mwenyewe umesema moyo umechoka.

Mwanao


16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Umeniomba neno moja la ukweli kuhusu hali yangu: mbaya. Nimeshakupa, sasa tuendelee.

Usije Jumamosi. Hakuna mtu wa kumshusha huko juu.

Nilipoisoma barua yako niligonga sakafu kwa fimbo mpaka mota ya cherehani ikazimwa. Fundi akapanda mbio akidhani nimekata roho. Nikamwambia, "Wale wenzako watatu wako wapi?" Akanitazama, akaniandikia kwenye kiganja kwa chaki yake ya nguo: LEO? Nikamwambia leo, kabla sijabadilisha mawazo, na nitafutie shuka ya kunifunga miguu.

Walikuja yeye, mchomeleaji wa mageti, muuza mikate, na Redio ambaye lori lake lilikuwa hapo nje. Muuguzi alikuja nyuma yao akipiga kelele ambazo mimi, namshukuru Mungu, sizisikii. Lakini alijua kuandika vilevile. Aliniwekea karatasi mapajani: ukishuka hivi moyo unaweza usivumilie, na ukivumilia sitakubali upandishwe tena, milele. Nikamwambia hicho ndicho ninachotaka mtu aniandikie kwa mhuri.

Wakanibeba na kiti. Mwanangu, sijawahi kuwa mzigo. Nimehesabu mizigo ya watu, nimechora mishale inayoonyesha inavutwa wapi, lakini sikujua kwamba mzigo unaona dari ikisogea na hauna la kufanya. Kwenye kona ya ngazi kiti kikakwama. Nikaanza kuwaelekeza, huyu ainue, yule ashushe, mzungushe kushoto. Mchomeleaji akaniinamia sikioni akapaza sauti mpaka nikasikia: "Mwalimu! Leo wewe unabebwa! Tuachie!" Nikakunja mikono mapajani. Wakakigeuza kinyume kabisa cha nilivyosema, kikapita.

Redio akaniuliza kwa ishara kama naogopa. Nikamwambia, "Ukiniangusha nitakufelisha." Akacheka mpaka muuza mikate akamtukana ashike vizuri. Na ndiyo, mtaa mzima ulikuwa mlangoni unaangalia. Hakuna aliyeangalia nguo zangu. Walikuwa wanaangalia jasho la fundi cherehani.

Basi nipo chini. Nimelazwa kwenye stoo yake, katikati ya majora ya vitambaa. Chumba ni kidogo kuliko kile cha juu, na dirisha hakina. Sitatoka humu, wala kurudi juu, hilo tuliseme kama watu wazima. Mlango unabaki wazi mchana, naona miguu ya wapita njia kuanzia magotini kwenda chini. Moyo ulinipiga usiku kucha kama mtu anayetaka kufunguliwa, asubuhi ukatulia kidogo.

Sasa sikia. Hukukosea kuchagua. Nimesahihisha kazi za vijana wengi, na mota yako ilikuwa kazi safi, isiyo na ziada wala pungufu. Niliyekukosesha ni mimi, na uliniachia nikukoseshe. Tumekaa nyuma ya ile mota wawili, kila mmoja akijificha upande wake. Nimekuondolea upande wako. Kiti hakihitajiki tena. Hakuna ngazi kati yangu na barabara, na huna la kuwaandikia wale watu isipokuwa siku utakayofika.

Lile sanduku lifunge soksi zikiwa ndani. Mkeo mwambie namshukuru kwa subira yake, nawe umshukuru. Mjukuu wangu mbusu, ukae mbali na meno.

Anwani ya hapo kiwandani naijua, nimeiandika vya kutosha. Barua hii usiijibu ukiwa hapo.

Mama yako